Si Kila Ugonjwa Wahitaji Safari

Wakulima wengi wa Kenya ni hodari sana wa kueleza ugonjwa wa ng'ombe. Ng'ombe akiugua, mwenyewe humpigia simu daktari wa mifugo, na kabla hajaulizwa lolote husema: alizaa juzi, ameacha kula tangu jana asubuhi, hacheui, masikio yake ni baridi, amelala wala hataki kusimama. Daktari akisikia hayo huwa amekwisha kukisia ugonjwa, na hujua dawa ya kutia mkobani kabla hajapanda pikipiki.

Lakini mtu yule yule akiuguliwa na mtoto, husema neno moja tu: "Ana homa." Homa hiyo ilianza lini? Mtoto anakunywa? Anapumua vipi? Amekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Hakuna ajuaye. Kisha huchagua mojawapo ya njia mbili. Ama humpakia mtoto na mama yake juu ya bodaboda waende hospitali ya mbali, wakapange foleni kutwa kwa ajili ya mafua. Ama huenda dukani akanunua vidonge vya kubahatisha, hata kama mtoto ana nimonia. Njia ya kwanza hupoteza siku na pesa. Njia ya pili huweza kupoteza mtoto.

Mwezi huu nataka kuwaambia wasomaji kwamba iko njia ya tatu, nayo ni kuzungumza na daktari kwa simu. Baadhi yetu twaikataa bure, na wengine twaitumia vibaya. Mimi naona kwamba simu ni chombo kizuri, kama jembe lilivyo zuri. Lakini jembe halikati mti, wala shoka halipalilii mahindi. Yapasa tujue kazi yake ni ipi.

Si jambo geni

Wazee wengine husema kwamba daktari asiyemshika mgonjwa si daktari. Twawaheshimu wazee, lakini katika nchi hii shauri la daktari limesafiri hewani kwa miaka mingi. Shirika la AMREF, lile la madaktari wa ndege, lilianzishwa mwaka 1957, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 liliweka mtandao wa redio za mawasiliano ili hospitali za mbali, zikiwamo za misheni, ziweze kuzungumza na Nairobi. Tofauti ya siku hizi ni kwamba redio hiyo imo mfukoni mwako.

Tena sheria imekwisha kuikubali kazi hii. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitambua huduma ya afya kwa njia ya mitambo ya mawasiliano, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 ikaongeza kanuni zake. Kwa hivyo mtu asione haya kumpigia daktari simu, kana kwamba anaomba upendeleo au anafanya jambo la magendo.

Magonjwa yafaayo simu

Kanuni ni nyepesi. Ugonjwa ambao daktari aweza kuutambua kwa maneno yako na kwa kuutazama, huo wafaa simu. Ugonjwa unaotaka mkono wa daktari, au damu, au mkojo, au picha ya kifua, huo hauwezi kumalizwa kwa simu.

Kwanza, mafua na kikohozi cha siku chache kwa mtu ambaye hana shida ya kupumua. Mara nyingi daktari atakuambia upumzike, unywe vitu vya moto, na usinunue antibaiotiki, kwa maana dawa hizo huua bakteria, wala haziui virusi vya mafua. Shauri hilo peke yake huokoa pesa. Tena hulinda dawa, kwani antibaiotiki zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea, na siku utakapozihitaji kweli hazitakusaidia. Mkulima ajua habari hii: kupe wa ng'ombe nao huizoea dawa ya josho ikichanganywa vibaya.

Pili, mtoto anayeharisha bila damu, ambaye bado anakunywa na kucheza. Daktari au mwuguzi aweza kukuongoza kwa simu jinsi ya kuchanganya ORS kwa maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na jinsi ya kumpa mtoto tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14. Aendelee kunyonya na kula. Ole wake mama anayemnyima maji mtoto anayeharisha akidhani kwamba ataharisha zaidi.

Tatu, magonjwa ya ngozi: choa, upele, vipele vya joto, na kuwashwa baada ya kuvuna au kunyunyizia mimea. Hapa picha hufanya kazi kubwa. Nne, macho mekundu yenye kuwasha na kutoa tongotongo, maadamu huoni giza na hakuna kilichokuchoma. Tano, maumivu ya mgongo baada ya kulima au kubeba magunia, ikiwa miguu haijafa ganzi na mkojo wauzuia kama kawaida. Sita, kiungulia. Saba, mwanamke anayesikia moto akikojoa, ambaye hana mimba, hana homa, wala hana maumivu ya ubavuni. Pamoja na maswali ya kupanga uzazi, ambayo wengi huona haya kuyauliza mbele ya foleni.

Nane, huzuni na kukosa usingizi. Mkulima aliyekopa pesa za mbolea, kisha mvua ikamkosa, aweza kuugua moyoni bila ya kuwa na jeraha. Wako washauri wanaosikiliza kwa simu, na kuzungumza nao si udhaifu. Lakini mtu akisema kwamba ataka kujiua, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali na mtu aandamane naye.

Tisa, na hili naliona ndilo kubwa kuliko yote, wagonjwa wa presha na wa sukari ambao wamekwisha kupimwa na kupewa dawa. Watu hawa hawahitaji safari ndefu kila mwezi ili waambiwe tu, "Endelea na dawa zile zile." Wengi huchoka na nauli, wakaacha dawa, na baada ya mwaka mmoja au miwili ndipo kiharusi kinapowaangusha. Mtu wa namna hii apimwe karibu na nyumbani, aandike hesabu zake, kisha amsomee daktari kwa simu. Kabla ya kupimwa presha, akae kimya dakika 5, mkono ukiwa umewekwa usawa wa moyo. Hesabu ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, siku moja baada ya nyingine, daktari apaswa kujua. Hata hivyo aende hospitali mwenyewe walau mara moja kwa mwaka ili figo na macho yaangaliwe. Na mwenye sukari aonyeshe nyayo zake pia.

Magonjwa yanayotaka damu

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Homa haina sauti yake. Homa ya malaria, ya nimonia, ya mkojo na ya ugonjwa wa brusela zote huweza kuelezwa kwa maneno yale yale: joto, baridi, kichwa, viungo kuuma. Daktari hata awe bingwa namna gani, hawezi kumwona mdudu wa malaria kwa njia ya simu. Lazima tone la damu litolewe kidoleni na lipimwe. Nacho kipimo chenyewe hutoa jibu kwa muda wa dakika 20 hivi. Mtu wa simu akikuandikia dawa ya malaria bila kukutuma upimwe, mwulize kwa nini.

Wafugaji nao waangalie sana habari ya brusela. Ugonjwa huu hutoka kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia, ukaingia kwa mtu anywaye maziwa mabichi, au ashikaye kondo la nyuma na ndama aliyetupwa bila ya kuvaa glavu. Homa yake huja na kwenda kwa majuma mengi, pamoja na jasho la usiku na maumivu ya viungo. Watu wengi hutibiwa malaria au homa ya matumbo mara mbili, mara tatu, wala hawaponi. Ukizungumza na daktari kwa simu, mwambie kwamba wafuga wanyama, na kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba zizini mwako. Neno hilo moja laweza kumfanya akutume kupimwa damu ya ugonjwa ufaao.

Vivyo hivyo kikohozi kilichopita majuma 2, hasa kikiwa na jasho la usiku na kukonda, ni lazima kichunguzwe kwa ajili ya kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Hapa kazi ya simu ni kukuharakisha uende, si kukubakiza nyumbani.

Usipoteze wakati na simu

Kuna mambo ambayo mtu akikaa akitafuta mtandao na salio, mgonjwa atakufa mikononi mwake. Yakitokea haya, tafuta gari kwanza. Simu utapiga ukiwa njiani, ili hospitali ijue kwamba waja.

Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, atapikaye kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea hata haamki vizuri. Mtoto ambaye ngozi ya chini ya mbavu yaingia ndani akivuta pumzi. Kila mzazi ajifunze kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Kuharisha damu ni hatari pia.

Mama mwenye mimba atokaye damu, au aumwaye sana na kichwa huku macho yakiona ukungu, au ambaye mtoto tumboni ameacha kucheza. Mtu mzima mwenye maumivu mazito ya kifua, au ambaye ghafula mdomo umepinda na mkono mmoja umelegea.

Mtu aliyeumwa na nyoka: asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kubana. Kiungo kile kisichezeshwe, naye abebwe apelekwe hospitali. Mtu aliyeumwa na mbwa: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende akadungwe chanjo siku ile ile, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaanza hakiponi. Mtu aliyemwagikiwa au aliyekunywa dawa ya wadudu: mvue nguo, mwoshe ngozi kwa maji mengi, usimtapishe kwa nguvu, na uichukue chupa yenye maandishi yake, ili daktari ajue ni sumu gani.

Jinsi ya kujitayarisha

Daktari wa simu hutibu kwa masikio yako na macho yako. Ukimpa habari mbovu, atakupa shauri bovu. Kabla hujapiga, chukua daftari uandike: umri wa mgonjwa, na uzito wake ikiwa ni mtoto, ugonjwa ulianza siku gani, joto la mwili kama una kipimo (chini ya kwapa, nyuzi 37.5 au zaidi ni homa), anakula na kunywa nini, amekojoa mara ngapi, ana mimba au hana, ni dawa gani amekwisha kumeza, zikiwamo za miti shamba, na ni dawa gani ziliwahi kumdhuru. Usimfiche daktari habari ya miti shamba kwa kuogopa kukaripiwa. Dawa mbili zisizopatana huweza kumwumiza mgonjwa.

Ukipiga picha ya ngozi, simama mlangoni penye mwanga wa mchana, wala si kwa tochi wala kwa taa. Weka sarafu ya shilingi kando ya kipele, ili daktari ajue ukubwa wake. Picha hiyo mpelekee daktari peke yake, usiitie katika kikundi cha ukoo au cha kijiji. Mwili wa mtu si habari ya baraza.

Tena, kama mgonjwa hajui Kiswahili vizuri, atafutwe mtu mzima anayefaa amsaidie kutafsiri. Si vema mtoto wa kiume wa miaka 12 kumtafsiria mama yake magonjwa ya wanawake. Mama ataficha, na daktari atakosea.

Mjue anayekutibu

Wapo matapeli, nao wameijua simu kabla yetu. Daktari wa kweli ana leseni ya baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno hapa Kenya, na majina ya waliosajiliwa huweza kutazamwa katika tovuti ya baraza hilo. Maafisa wa kliniki na wauguzi nao wana mabaraza yao. Muulize jina lake na namba yake ya usajili bila kuona haya. Daktari mwaminifu hakasiriki. Mtu akuahidiye kuponya kila ugonjwa kwa chupa moja, au atakaye pesa kabla hajakuuliza hata umri wa mgonjwa, huyo mkatie simu.

Dalili ya daktari mzuri ni maswali yake. Huuliza mengi, hukuambia dalili za kuangalia, hukuambia urudi baada ya siku ngapi, na mara nyingine husema wazi, "Hili siliwezi kwa simu, nenda hospitali." Neno hilo lisikuudhi, ukadhani kwamba pesa zako zimepotea. Ndilo lililo na thamani kuliko yote. Akikuandikia dawa, zinunue katika duka la dawa lililosajiliwa, uzimalize kama alivyosema, wala usimgawie jirani kwa sababu naye anakohoa.

Maoni yangu

Sasa nitasema jambo ambalo huenda wengine hawatalipenda. Simu isifanywe kisingizio. Mahali pasipo na dispensari, simu si dispensari. Mwenye kusema kwamba wananchi wa mbali hawahitaji mwuguzi, barabara wala gari la wagonjwa kwa kuwa wana simu, hajapata kuona mama akizaa usiku wa mvua. Daktari wa simu ana nguvu tu pale ambapo nyuma yake kuna kituo chenye dawa, kipimo cha damu na mtu wa kumpokea mgonjwa. Nyuma yake kukiwa tupu, naye ni sauti tupu.

Jambo la pili ni wale wasio na simu janja. Mzee mwenye presha mara nyingi ana ile simu ndogo ya tochi, na pengine haoni vizuri maandishi yake. Bibi zetu wengi hutumia simu ya mume au ya mtoto. Tukiwaacha hawa, huduma itawafikia wenye afya na kuwaruka wagonjwa. Lakini dawa ya jambo hili tunayo mikononi. Mwaka 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 vifaa vya kazi, ndani yake mkiwa na mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, kipimo cha joto na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Mhudumu huyo ni jirani yako. Yeye ndiye mkono wa daktari wa simu: yeye apime, daktari asikilize, mgonjwa aeleweshwe kwa lugha yake. Mashine isiyo na daktari ni hesabu tu, na daktari asiye na hesabu abahatisha.

Kwa hiyo nashauri kila kikundi cha wakulima, kila chama cha ushirika cha maziwa, chai au kahawa, kitenge siku moja kwa mwezi. Siku hiyo mhudumu wa afya aitwe, wazee wapimwe presha na sukari, na iwepo simu moja nzuri na chumba kimoja chenye faragha, ili anayehitaji azungumze na daktari au afisa wa kliniki wa kituo cha karibu. Chama kiwezacho kununua tangi la kupozea maziwa hakishindwi na jambo hili.

Nawe msomaji, usingoje chama. Juma hili fanya mambo matatu. Andika namba za simu za kituo chako cha afya na za mhudumu wa afya wa kijiji chako, uzibandike ukutani ambapo hata mtoto ataziona. Weka nyumbani pakiti za ORS na kipimo cha joto. Kisha mfundishe kila mtu mzima wa nyumba kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Mambo hayo yote hayazidi bei ya kuku mmoja, na usiku mtoto atakapougua utajua kama ni wa kupiga simu na kulala, au ni wa kutafuta gari mara moja.